Upande wa ndani wa bangili

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Kama mteja hajui kazi nzuri na kazi ya kulipua, fundi ajisumbue ya nini?" Mimi natengeneza hereni na bangili za mpingo hapa Mtwara, Shangani, na swali lenu limenigusa.

Pambo linakaa mwilini mwa mtu. Mteja asipolijua, ngozi yake italijua.

Mpingo ni mgumu na hautaki pupa. Ukiuchonga ukiwa mbichi, baadaye unapasuka. Ukitoboa bila kupumzisha drili, kipande kinapata moto nacho kinatoa ufa. Halafu kuna msasa: naanza na namba 120 yenye chembe kubwa, naenda 240, 400, hadi 600 iliyo laini, kisha nta ya nyuki na kitambaa cha pamba. Upande wa ndani wa bangili ndio unaonichukua muda mrefu kuliko wote. Nikimaliza, naupitisha juu ya khanga kuukuu. Ikinasa hata uzi mmoja, bangili inarudi kwenye msasa.

Niliwahi kukosea. Nilinunua ndoano za hereni za bei rahisi, na dada mmoja akanirudia masikio yamevimba, yanatoa maji. Waya ule ulikuwa na nikeli, metali inayodhuru ngozi za baadhi ya watu. Nilimrudishia hela yake, nikang'oa ndoano zote zilizobaki dukani. Sasa natumia madini ya fedha ya 925, yaani katika sehemu 1,000, sehemu 925 ni fedha halisi. Bei imepanda, na wapo walionikimbia wakanunue mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu ili ufanane na weusi wa mpingo. Hilo linaniuma sana, maana jasho likishuka, rangi inahamia kwenye nguo.

Ndiyo maana sikubali kwamba mteja hajui. Hajaonyeshwa. Mezani kwangu nimeweka bakuli la maji. Mpingo halisi ni mzito, unazama. Ile miti myepesi inayopakwa rangi inaelea. Nawaachia watumbukize wenyewe, watoto hasa wanapenda.

Juzi mama mmoja kutoka Mikindani alitumbukiza bangili, ikaenda chini moja kwa moja. Akaitoa, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaanza kupapasa upande wa ndani kwa kidole gumba, taratibu, akaizungusha yote mpaka alipoanzia.