Rangi na majirani zake: jibu kwa dada anayeogopa rangi

Marahaba, mdogo wangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Umesema umemaliza mafunzo ya ushonaji na umeanza kubuni vijora na madera yako mwenyewe huko Bamburi, lakini kila ukikaa kuchora unajikuta umerudi kwenye nyeusi, beji na kijivu. Ile mara moja uliyojaribu chungwa na feruzi pamoja, shangazi yako akakwambia umeshona pazia. Sasa unauliza kama kuchagua rangi ni kipaji cha kuzaliwa nacho au kuna njia mtu anaweza kufundishwa.

Waliotangulia kukujibu hapa wamekuwekea picha za lile duara la rangi, linalopanga rangi kwa mzunguko kuonyesha zipi zinakaribiana na zipi zinakabiliana, na mimi silipingi, lina faida yake. Ila nimeshona miaka 22 hapa Mji wa Kale, na duara hilo nililiona baada ya kuwa fundi tayari. Acha nikueleze niliyojifunza penye mkasi na cherehani, kwa sababu naamini njia ipo, na woga wako naujua.

Nyanya yangu hakuwa akinunua leso ndani ya duka. Nikiwa mdogo nilimsindikiza Barabara ya Biashara, na muuzaji akishaikunjua doti mezani, yeye huichukua akatoka nayo mpaka kizingitini kwenye jua. Huitandaza begani kwangu, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama. Kisha huisogeza karibu na leso aliyojifunga yeye mwenyewe, akaitazama tena. Siku moja nikamuuliza kwani ndani haionekani. Akaniambia, "Mle ndani naiona taa, leso siioni."

Sikulielewa neno hilo mpaka liliponitia hasara. Nilipewa kazi ya sare, vijora 24 vya rangi ya zambarau kwa ajili ya shughuli ya kupamba bi harusi. Kitambaa cha gora la kwanza kikaniishia nikiwa nimekata vijora 16. Nikabeba kipande, nikaenda duka jingine usiku, nikakilinganisha chini ya taa ya mrija. Vilifanana kabisa, hata muuzaji hakuvitofautisha. Nikashona vinane vilivyobaki. Siku yenyewe, kina mama walitoka uani alasiri kupiga picha, na pale pale wanane kati yao wakajitenga na wenzao kama waliotoka harusi nyingine. Zambarau yao ilikuwa imegeuka damu ya mzee. Nililia siku ile, na fedha ya kazi nilirudisha nusu.

Sababu yake ni hii. Rangi unayoiona kwenye kitambaa ni mwanga uliorudishwa na kitambaa. Viwanda viwili vinaweza kuipata zambarau kwa dawa tofauti kabisa, na chini ya taa fulani zikafanana, kwa kuwa taa ile haina mwanga wa kila aina ulio kwenye jua. Ukivitoa nje, kila kimoja kinaonyesha asili yake. Hata kiwanda kimoja, gora la leo na gora la mwezi ujao si lazima zitoke sawasawa. Tangu siku hiyo, kitambaa cha sare nakinunua chote mara moja na ziada juu yake, na kila rangi naikagua mara tatu: jua la saa sita, jua la alasiri, na taa ya ukumbini, maana shughuli zetu nyingi ni za usiku. Jua la Mombasa saa sita halina huruma. Rangi laini za waridi na samawati zinazopendeza kwenye simu yako zinaweza kupauka zikaonekana kama nguo iliyofuliwa miaka mitatu. Nina hakika nusu ya woga wako umetokana na hilo: unachagua kwenye kioo cha simu, unashona, unatoka nje, nguo si ile.

Hilo ni la mwanga. La pili, na ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote, ni la ujirani. Rangi haikai peke yake. Ukiniuliza kama chungwa ni nzuri sina jibu mpaka uniambie iko karibu na nini, na kwa kiasi gani.

Wewe mwenyewe unalijua hili ila hukulipa jina. Umeona mama zetu wakifua kanzu? Kanzu nyeupe ikianza umanjano, hawaongezi weupe. Wanatia nili kidogo kwenye maji ya mwisho. Buluu ile inaumeza umanjano, na jicho linaona kanzu imetakata. Buluu imeleta weupe! Mimi naliona hilo kuwa somo la kwanza la rangi, na tumelelewa nalo.

Sasa sikiliza lililonipata kwenye abaya. Mteja alitaka nyeusi yenye mikono iliyozungushiwa utepe mpana wa buluu iliyokolea. Nikanunua kitambaa kizuri, nyeusi tititi. Nilipomaliza, pale penye utepe ile nyeusi ikaonekana imechujuka, ina kutu. Mteja akaniambia nimebadilisha kitambaa nikamwekea cha rahisi. Nikamwapia. Nikaufumua mkono mmoja mbele yake, tukaziweka nyeusi mbili pamoja, na kumbe ni ile ile.

Baadaye sana mwalimu mmoja wa sanaa, mteja wangu, akanieleza kwamba kisa hiki kina babu yake. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alikabidhiwa kusimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins kule Paris, kinachofuma mapazia ya ukutani yenye picha. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za hapo ni dhaifu, hasa zikifumwa ndani ya buluu na zambarau. Akazichunguza, akakuta dawa ya nyeusi haina kasoro. Kasoro ilikuwa kwa majirani. Jicho likikaa kwenye buluu, linaisukuma rangi iliyo kando upande wa pili, kwenye uchungwa na umanjano, na nyeusi ikipata tone la uchungwa inaonekana imefifia. Alichapisha utafiti wake mwaka 1839. Niliposikia hayo nilifarijika kuliko ninavyoweza kueleza. Miaka mingi nilidhani mkono wangu ndio mbaya.

Dawa yake kwenye abaya ni ndogo: weka ukingo mwembamba wa fedha au mweupe kati ya buluu na nyeusi, zisigusane. Ukienda kutazama leso kwa makini utaona wachoraji wake wanaijua siri hii. Mara nyingi ua jekundu halikutani na kijani ana kwa ana, kuna mstari wa nyeusi au weupe kati yao, na kila rangi inabaki na heshima yake. Na tazama pindo, yaani ukingo wa leso, na mji, yaani sehemu yake ya kati. Pindo aghalabu ni zito, mji una nafasi ya kupumua. Leso haifanyi rangi mbili zigombanie ukubwa. Pazia la shangazi yako, nadhani, lilitokana na hapo: chungwa na feruzi ziligawana nguo nusu kwa nusu, zote kali, zote zikigusana, hakuna mpatanishi. Chukua rangi hizo hizo, feruzi iwe nguo nzima, chungwa iwe uzi wa darizi shingoni na ukingo wa mkono usiozidi kidole. Hatasema pazia.

Nataka nikae kidogo kwenye kisutu, kwa kuwa naipenda, na kwa kuwa ndiyo shule ninayompa kila anayekuja kujifunza kwangu. Leso ya kisutu ni ya zamani sana, ya harusi, na ina rangi tatu tu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Hebu sasa isikilize lugha yetu. Tunasema kitambaa cheupe, cheusi, chekundu. Maneno hayo matatu yanajibadilisha kufuata jina lililotangulia. Mengine hayafanyi hivyo. Tunasema kitambaa cha kijani, cha manjano, cha kahawia, cha kijivu. Wataalamu wawili wa Marekani, Berlin na Kay, waliandika mwaka 1969 kwamba lugha yenye maneno matatu tu ya msingi ya rangi, maneno hayo huwa ni ya weusi, weupe na wekundu. Sidai kwamba waliobuni kisutu walikaa wakafikiria sarufi. Lakini kila nikiishika naona kwamba rangi tatu zilizo ndani kabisa ya lugha ndizo zilizo kwenye nguo ya bi harusi, na moyo wangu unatulia. Kwa hivyo ukiogopa, anzia hapo. Fanya kazi za mwezi mzima kwa rangi tatu zenye uzito tofauti, yaani zinazotofautiana kwa weupe na kiza, moja nyepesi, moja nzito, moja ya kuita jicho. Leso zenyewe huchapwa kwa rangi chache, maana kila rangi inadai chapa yake, na kila chapa ni gharama. Uchache huo haujawahi kuzifanya ziwe maskini.

Rangi nyingine nyingi kwetu ni vitu, na hii ni hazina ambayo wabunifu wengi wa Mombasa tunaipita. Manjano ni bizari. Kijivu ni jivu. Zambarau ni tunda. Samawati ni mbingu. Ukitaka kuchagua rangi usifungue simu, nenda Marikiti asubuhi. Pasua manjano mbichi uone ndani yake ni karibu na chungwa, kisha tazama unga wake. Chukua zambarau moja: ganda limekaribia weusi, nyama yake ndani imefifia, na ukila inakuachia ulimi wa urujuani. Hapo umepewa rangi tatu zinazoelewana, bila duara. Kijora changu kilichopendwa kuliko vyote nilikitoa kwenye embe: kijani cha ganda, wekundu wa shavu lililopigwa na jua, na umanjano wa ndani kwenye bitana ya mkono, unaoonekana mtu akinyanyua mkono tu. Nilivishona zaidi ya mia.

Kuna jambo linaniuma, na limegusiwa na mchangiaji mmoja hapo juu, kwamba wasichana weusi wajiepushe na njano na nyekundu. Tafadhali usilibebe hilo. Nimewavika wanawake wa kila weusi na kila weupe wa pwani hii, na ninakuambia njano ya bizari juu ya ngozi nyeusi haina mpinzani, kwa sababu ile ile ya ujirani: uzito wa ngozi unaiinua rangi, na rangi inaing'arisha ngozi. Kinachohitaji kuangaliwa ni kama njano yenyewe inaelekea kwenye chungwa au kwenye ndimu. Mpeleke mteja mlangoni, mwekee kitambaa chini ya kidevu, kimoja baada ya kingine. Utaona uso ukifunguka au ukichoka. Mteja naye ataona, hutahitaji kumshawishi.

Na usidhani nyeusi na nyeupe ni kukimbia rangi. Tazama kofia za vito za Lamu na Siyu, zile zinazodariziwa kwa mkono, nyingi ni nyeupe juu ya nyeupe, na ule urembo wote umetengenezwa na vitundu na vivuli vyake. Ukishona beji kwa sababu unaipenda, ishone kwa ujasiri kama ule. Mimi nazungumzia beji ya woga.

Jirani wa nguo ni pamoja na ukuta, hili nalo nilijifunza kwa bahati. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ilipoagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu, madera niliyokuwa nikiyaona yametundikwa nje ya maduka yakabadilika sura. Mbele ya ukuta mweupe rangi za kati zilionekana nzito zaidi kuliko zilivyokuwa mbele ya ukuta wa udongo. Ukipiga picha za kuuza, kumbuka hilo.

Sasa kazi yenyewe. Kusanya mabaki ya vitambaa, yawe madogo kama kiganja, kutoka kwa mafundi wa jirani yako. Watakupa bure. Yatandaze juu ya karatasi nyeupe, kisha juu ya nyeusi, uone yanavyobadilika. Chagua matatu. Yapige picha, halafu iondoe picha rangi kwenye simu ibaki ya kijivu. Vipande vikizama kuwa kijivu kimoja, uzito wao ni sawa na maua yako yatapotea kwa anayekutazama kutoka ng'ambo ya barabara. Vikitengana vizuri, endelea. Kabla ya kukata, fua kipande kimoja pamoja na kitambaa cheupe, kwa sababu nyekundu nyingi sokoni zinachuja, na kijora chekundu kilichochafua lesi yake nyeupe hakirudishiki.

Ukishapata vipande vyako vitatu, vipige picha mlangoni saa sita mchana, uilete hapa pamoja na ile ya kijivu. Niandikie pia ni nguo ya nani na ya shughuli gani. Nitakujibu Ijumaa nikifunga duka, na ile ya chungwa na feruzi kama bado unayo usiifumue, nataka kuiona.