Maswali ya wasomaji: Bunge la Marekani na amani ya Misri, Israel na jirani zao

Tangu tuchapishe makala juu ya Camp David, yale mazungumzo ya Misri na Israel yaliyosimamiwa na Marekani mwaka 1978, barua nyingi zimetuuliza kuhusu vikao vya kamati za Bunge la Marekani, vile ambavyo mawaziri na mabalozi huitwa kuhojiwa. Tumechagua sita. Nyingine zilikuwa zikiuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, tukaziunganisha.

Mimi ni mwalimu wa historia, Tanga. Kitabu tunachotumia kinasema Seneti ya Marekani iliridhia mkataba wa amani wa Misri na Israel. Ilipata kura ngapi?

Haikupata hata moja, mwalimu, kwa sababu haikupigiwa kura. Mkataba wa tarehe 26 Machi 1979 ulikuwa wa nchi mbili, Misri na Israel. Rais Jimmy Carter wa Marekani aliweka saini yake kama shahidi tu. Seneti huridhia, kwa theluthi mbili ya maseneta waliopo ukumbini, mikataba ambayo Marekani yenyewe imejifunga. Huu haukuwa wake.

Kilichofika bungeni ni bili. Serikali ya Carter iliomba kifurushi cha dola bilioni 4.8. Israel ilitengewa bilioni 3: milioni 800 zikiwa ruzuku ya kujenga viwanja viwili vya ndege za kivita katika jangwa la Negev, badala ya vile ilivyokuwa inaviacha Sinai, rasi ya Misri iliyokuwa imeiteka, na bilioni 2.2 zikiwa mikopo ya kununulia silaha. Misri ilitengewa bilioni 1.8: bilioni 1.5 mikopo ya silaha, na milioni 300 za uchumi, nazo zilichanganya mkopo na ruzuku. Kamati za mambo ya nje za mabaraza yote mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi, zikahoji, na tarehe 20 Julai 1979 ikapatikana Sheria Namba 96-35. Kwa hiyo wanafunzi waambiwe hivi: amani ilitiwa saini bila Bunge, lakini fedha za kuisimamisha zilipita bungeni.

Hapo hapo tumjibu msomaji wa Muscat aliyeuliza kama mkataba ndio unaoilazimisha Marekani kuilipa Misri kila mwaka. Hakuna kifungu cha namna hiyo. Zile dola bilioni 1.3 za msaada wa kijeshi zinazotajwa tangu 1987 hupitishwa upya katika sheria ya matumizi ya kila mwaka, na Bunge linaweza kuzipunguza, kuzichelewesha au kuzifunga kwa masharti. Hata makubaliano ya 2016 ya kuipa Israel bilioni 38 kwa miaka kumi, 2019 hadi 2028, ni ahadi ya serikali kwamba itaziomba. Anayetoa ni Kamati ya Matumizi, siyo Kamati ya Mahusiano ya Nje. Wengi hufuatilia kamati hii ya pili peke yake, kisha wanashangaa fedha ziliamuliwa lini.

Nasoma uhusiano wa kimataifa, Eldoret. Msimamizi wangu amenipa vikao vya 1975 juu ya Sinai. Sielewi kwa nini wabunge walisumbuka hivyo kwa ajili ya mafundi 200 tu.

Umepewa mada nzuri kuliko unavyodhani.

Makubaliano ya pili ya Sinai yalisainiwa Geneva tarehe 4 Septemba 1975. Israel ilirudi nyuma na kuacha njia za milimani za Mitla na Giddi, na pia visima vya mafuta vya Abu Rudeis. Lakini kila upande uliogopa kushtukizwa kama katika vita vya Oktoba 1973, ndipo Henry Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akaja na pendekezo: raia wa Marekani wasiozidi 200 wakae katikati, kwenye vituo vitatu vya uangalizi, wakisaidiwa na vitambuzi vilivyofukiwa ardhini. Kazi yao ilikuwa kutoa taarifa kwa pande zote mbili kila gari au askari anapoonekana pasipostahili. Silaha zao zilikuwa ndogondogo, za kujikinga tu.

Sasa tazama kalenda. Saigon ilianguka Aprili 1975. Ndani ya miezi mitano serikali inaomba tena kupeleka Wamarekani, "raia tu", katikati ya majeshi mawili. Vietnam nayo ilianza na washauri wachache. Hofu hiyo utaiona karibu katika kila swali la wabunge, hata pale mbunge asipoitaja nchi hiyo.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi: karatasi ambazo hazikusomwa hadharani. Kando ya pendekezo la mafundi, Kissinger alikuwa ameipa Israel ahadi za maandishi. Moja ilihusu mafuta, kwamba Israel ikishindwa kuyapata kwingine, Marekani itasaidia kuhakikisha yanapatikana. Nyingine ilisema Marekani haitaitambua PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, wala kujadiliana nayo hadi ikubali haki ya Israel kuwepo na maazimio 242 na 338 ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ya kutafuta amani kati ya Israel na Waarabu. Magazeti yakazipata, na Kamati ya Mahusiano ya Nje ya Seneti, chini ya John Sparkman, ikazichapisha. Hapo ukazuka ubishi wa wanasheria. Ofisi ya washauri wa sheria ya Seneti ilishikilia kwamba ahadi za uzito huo ni mkataba, na rais hana mamlaka ya kuzitoa peke yake. Mshauri wa Wizara ya Mambo ya Nje, Monroe Leigh, akapinga. Soma hoja hizo mbili bega kwa bega. Zina thamani kuliko hotuba zote za ufunguzi.

Kisha fungua sheria yenyewe, Namba 94-110 ya tarehe 13 Oktoba 1975, utaona vikao vilizaa nini. Ni fupi sana. Mafundi waondolewe vita vikizuka kati ya Misri na Israel, au Bunge likiona usalama wao umo hatarini au kazi yao haihitajiki tena. Rais alete taarifa ya maandishi angalau kila miezi sita, na kamati zifanye kikao juu ya kila taarifa. Halafu kipo kifungu ambacho wanafunzi hukiruka: kwamba kuruhusu mafundi si kukubali ahadi nyingine yoyote iliyotolewa na serikali. Bunge lilikubali mafundi, likakataa kufungwa na zile karatasi.

Usiishie 1975, lakini. Ile ahadi kuhusu PLO iliyokuwa ya siri iliandikwa kuwa sheria mwaka 1985. Kwa hiyo mazungumzo ya Marekani na PLO yalipofunguliwa Desemba 1988, ilibidi kwanza Yasser Arafat, kiongozi wa PLO, atamke maneno yanayotimiza masharti yaliyopangwa miaka 13 nyuma. Nasi tungekushauri tasnifu yako ifuate uzi huo mmoja tu.

Je, kamati inaweza kuzuia mpango wa rais, au ni kelele tu? (Msomaji, Bujumbura)

Kamati peke yake haizuii. Mabaraza yote mawili yanaweza, ila ni vigumu mno. Mwaka 1981 Ronald Reagan alitaka kuiuzia Saudi Arabia ndege tano za uangalizi za AWACS pamoja na vifaa vingine, jumla dola bilioni 8.5. Baraza la Wawakilishi lilikataa kwa kura 301 dhidi ya 111. Seneti, tarehe 28 Oktoba, ilishindwa kukataa: 48 walitaka mauzo yazuiwe, 52 hawakutaka. Kwa kuwa sheria ilidai mabaraza yote mawili yakatae, mauzo yakapita.

Miaka miwili baadaye Mahakama Kuu ya Marekani ikabatilisha utaratibu wa Bunge kumzuia rais kwa azimio lisilopita mezani kwake. Tangu hapo azimio la kuzuia mauzo ya silaha lazima lipelekwe kwa rais yuleyule anayetaka kuuza. Akilikataa, zinatakiwa theluthi mbili kila upande kumpindua. Ndiyo maana siku hizi nguvu kubwa inatumika kabla ya taarifa rasmi kuletwa: mwenyekiti wa kamati na kiongozi wa chama cha upinzani ndani yake huonyeshwa mpango mapema na kuushikilia kimyakimya. Anayesubiri kikao cha hadharani mara nyingi amechelewa.

Viongozi wa Kiarabu na wa Israel huhojiwa na kamati hizo?

Hapana. Mkuu wa nchi ya kigeni haapishwi wala haulizwi maswali. Hualikwa kuhutubia mabaraza yote mawili yakiwa pamoja, kama Anwar Sadat Novemba 1975, au Mfalme Hussein na Yitzhak Rabin waliosimama siku moja, tarehe 26 Julai 1994. Hiyo ni hotuba, siyo ushahidi. Wakitaka kuzungumza na kamati, hupewa chai ya faragha.

Nawezaje kupata kumbukumbu za vikao hivi nikiwa Dodoma, na nizisomeje? Zina mamia ya kurasa.

Anza na namba ya Bunge, maana maktaba hupanga hivyo. Chukua mwaka, toa 1787, gawanya kwa mbili, tupa nusu inayobaki. Mwaka 1975 unakupa 94, 1979 unakupa 96, na 1993 unakupa 103. Mwaka witiri ni mkutano wa kwanza wa Bunge hilo, mwaka shufwa ni wa pili. Jihadhari na jina la kamati. Ya Baraza la Wawakilishi iliitwa Kamati ya Mambo ya Nje, ikabadilishwa kuwa ya Mahusiano ya Kimataifa kuanzia 1975 hadi 1978, ikarudi, ikabadilishwa tena 1995 hadi mwanzoni mwa 2007. Ukitafuta 1975 kwa jina la leo hutapata kitu, utadhani hakuna kilichofanyika.

Vikao vya karibuni vipo bure kwenye tovuti ya govinfo.gov. Vya zamani vimepigwa picha na maktaba za vyuo, na unaruhusiwa kuvipakua kwa kuwa kazi za serikali ya Marekani hazina hakimiliki.

Usianze ukurasa wa kwanza. Taarifa ya maandishi ya shahidi huwasilishwa kabla ya kikao, imepitiwa na ofisi nzima, na kila neno limepimwa. Nenda kwenye maswali. Katika Baraza la Wawakilishi kila mjumbe ana dakika tano kwa shahidi, na dakika hizo zinajumuisha swali na jibu. Mbunge anayezungumza dakika nne na nusu hakutaka jibu, alitaka kamera. Mwenye swali la maneno kumi ndiye wa kufuatilia, hasa akilirudia mara ya pili kwa maneno yaleyale.

Kisha ruka mpaka mwisho, kwenye viambatisho. Shahidi anaposema "nitakuletea jibu kwa maandishi", jibu hilo huja wiki kadhaa baadaye na huchapishwa nyuma ya kitabu, kwa herufi ndogo, na hapo ndipo tarakimu hukaa. Ukikuta mabano yenye neno la kuonyesha kuwa kitu kimefutwa, jua kikao kilikuwa cha faragha na kimechujwa kabla ya kuchapwa. Hesabu mafuto hayo yamekusanyika kwenye mada gani. Na kumbuka mashahidi huruhusiwa kusahihisha lugha yao kabla ya uchapaji, hivyo kama ipo video, msikilize mtu mwenyewe.

Kwa upande wa Israel usitegemee kitu kama hiki. Kamati ya Mambo ya Nje na Ulinzi ya Knesset, yaani Bunge la Israel, hukutana zaidi kwa faragha. Lakini kura za ukumbini ziko wazi, nazo zinasimulia: 95 kwa 18 kwa mkataba na Misri mwaka 1979, 105 kwa 3 kwa mkataba na Jordan mwaka 1994, na katikati yake Oslo ya kwanza, makubaliano ya Israel na PLO, 61 kwa 50, wanane wakijizuia. Oslo ya pili, Oktoba 1995, ilipita kwa 61 dhidi ya 59.

Baba yangu alijeruhiwa kwenye bomu la Nairobi la 1998. Nasikia fidia iliingizwa kwenye mpango wa Sudan kuitambua Israel. Vinahusianaje? (Msomaji, Machakos)

Pole kwa baba. Vilihusiana kwa tarehe na kwa masharti. Sudan ilikuwa kwenye orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi tangu 1993. Oktoba 2020 Donald Trump alisema ataiondoa ikilipa dola milioni 335 kwa ajili ya waathiriwa wa balozi za Nairobi na Dar es Salaam na wa USS Cole, meli ya kivita ya Marekani iliyolipuliwa Yemen. Siku chache baadaye ikatangazwa kwamba Sudan na Israel zitaanza uhusiano.

Kuiondoa Sudan kwenye orodha aliweza rais, Bunge likiwa na siku 45 za kupinga. Halikupinga, na ikaondolewa tarehe 14 Desemba. Lakini Khartoum ilitaka kitu cha pili, kinga ya kutoshtakiwa tena katika mahakama za Marekani, na hicho kinatolewa kwa sheria tu. Hapo maseneta Chuck Schumer na Bob Menendez wakagoma mpaka kesi za familia za Septemba 11 dhidi ya Sudan zibaki hai. Pia kulikuwa na lalamiko kwamba Wakenya na Watanzania waliokuwa watumishi wa balozi, wakaja kupata uraia wa Marekani baadaye, walikuwa wanapewa kidogo kuliko waliokuwa raia siku ya bomu. Bunge likaongeza dola milioni 150, zikatoka hazina ya Marekani, kuziba tofauti hiyo. Sheria ilipita mwishoni mwa Desemba, na tarehe 6 Januari 2021 Sudan ikasaini tamko la Abraham, la nchi za Kiarabu kujenga uhusiano na Israel.

Swali la kwanza kwa baba, basi, ni kama alikuwa mwajiriwa wa ubalozi au wa mkandarasi wake, na kama ana karatasi za kuonyesha hivyo. Mpango ule uliwatazama Wamarekani na watumishi wa balozi. Aliyekuwa akipita barabarani au akifanya kazi jengo la Ufundi, jirani na ubalozi, hakuwemo. Njia iliyobaki kwa kundi hilo ni kulisukuma Bunge la Nairobi lenyewe. Seneti ya Kenya iliunda kamati maalumu juu ya fidia ya waathiriwa wa bomu hilo. Mwandikieni karani wa Seneti, mkiambatisha nakala ya karatasi za hospitali za Agosti 1998, na mkae na nakala halisi nyumbani.