Kisa changu kimeshaandikwa na wengine, niache?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi naandika riwaya yangu ya kwanza, kaka mtu anarudi nyumbani baada ya miaka 10 anakuta mdogo wake kamuoa mchumba wake. Nimefika sura ya 9, rafiki yangu kasoma akaniambia hiyo stori tumeshaiona mara mia. Nimekaa wiki nzima natafuta kisa kipya sipati. Niache tu?

JIBU: Usiache mdogo wangu, nakuomba kabisa. Hiyo wiki uliyopoteza kutafuta kisa kipya inaniuma kuliko maneno ya rafiki yako.

Chukua Romeo na Juliet, ile tamthilia ya Shakespeare ya vijana wawili wapendanao. Watu wengi wanadhani Shakespeare alikibuni kile kisa, hapana, kilikuwa kimeshazunguka Italia na Ufaransa, na mwaka 1562 mshairi Mwingereza Arthur Brooke akakitoa kwa Kiingereza kama utenzi mrefu, Shakespeare alikuwa hata hajazaliwa! Familia mbili hasimu, ndoa ya siri, dawa ya usingizi, kaburi, vyote vimo humo. Sasa angalia mhusika mmoja, Mercutio. Kwa Brooke anapita tu kwenye sherehe, tunaambiwa ana mikono ya baridi kama barafu, basi, hatumsikii tena. Shakespeare akamfanya rafiki wa Romeo, mtu wa maneno mengi, mtani, mgomvi, tukishampenda ndo anauawa na Tybalt, binamu yake Juliet. Kwa Brooke, Romeo anamuua Tybalt kwenye vurugu akijitetea, kwa Shakespeare anamuua kwa uchungu wa rafiki yake. Tukio ni lile lile, Tybalt kafa kote kuwili, ila huku kwa Shakespeare unatetemeka kwa sababu unajua nani kapotea na ni kwa nini huyu kijana kashindwa kujizuia.

Ndo maana mi sikuulizi kisa chako ni kipya au la, nakuuliza huyo kaka mtu ni nani. Siku anarudi anafanya nini mlangoni? Ukiandika "alijawa na huzuni kubwa" hapo kweli tumeshaiona mara mia. Ila tuseme kafika, mdogo wake kafungua, wote kimya, na yeye badala ya kusalimia anaona bawaba ya mlango imelegea, anainama anaanza kuikaza kwa sarafu aliyotoa mfukoni, anakaza mpaka vidole vinamuuma, mdogo wake kasimama tu juu yake hajui amkaribishe au amwombe msamaha. Hapo nishamjua, na nitasoma usiku kucha nijue atamwambia nini yule mwanamke.

Na mwanamke mwenyewe je? Kwenye barua yako umemtaja kama mchumba tu, hana hata jina. Miaka 10 yote alikuwa anawaza nini, alisubiri mpaka lini, siku gani akaona sasa basi? Nahisi rafiki yako kachoshwa na hapo zaidi kuliko kisa.

Mwisho wa riwaya usiuguse kwanza. Rudi sura ya 1, mpe huyo mwanamke jina, halafu andika ile siku aliyoacha kusubiri.