Re: Pezi la sefubodi gumu chini laini juu, linatengenezeka Arusha?

Mkuu hilo pezi la chini ya sefubodi, ule ubao wa kuteleza kwenye mawimbi, linatengenezeka tena fresh tu japo bahari tumeiacha mbali huko, faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) ni hii hii tunayozibia bampa za magari ya watalii hapa Unga Limited. Ila umeuliza kama ununue kitambaa cha nyuzi za kaboni ili shina, pale pezi linaposhikana na ubao, likaze, mi nakwambia subiri kwanza, unene ndo kila kitu, ukipunguza unene nusu ugumu haubaki nusu, unabaki kama moja ya nane hivi, so msasa peke yake unaweza kukumalizia kazi.

Panga laya nyingi za kitambaa pale shinani halafu uzipunguze kadri unavyoelekea nchani, rezini (ile gundi ya maji inayogandisha faiba) ikikauka ndo uchonge. Nyuzi nazo angalia, zikilala kutoka shina kwenda nchani pezi linagoma kupinda, zikikaa kimshazari linapinda kiasi ila halijisokoti ovyo. Greenough, yule Mmarekani mtelezaji wa mawimbi, alishacheza na haya mambo miaka ya 1960 akiiga jodari, samaki!

Ncha laini inakurusha ukitoka kwenye kona, ila ikizidi ulaini kwenye wimbi la kasi ubao unakosa nguvu.

Kupima usihangaike, bana shina kwenye jiliwa, ning'iniza kilo ya sukari nchani, pima na rula imeshuka milimita ngapi. Kama ubao una mapezi mawili ya pembeni, yashuke sawa, yakipishana ubao utakusumbua upande mmoja. Na vaa barakoa, lile vumbi linawasha balaa.