Noah kuchoka mlimani ikiwa na watu wanane

Mkuu, kama Toyota Noah yako ya cc 2000 inavuta vizuri ukiwa peke yako ila inachoka kupanda Nyang'oro (mlima wa barabara ya Dodoma–Iringa) ikiwa na watu wanane, usikimbilie kusema injini imekufa. Piga hesabu: watu wanane kwa kilo 70 ni kilo 560, bado mabegi. Gari lenyewe tupu lina kama tani moja na nusu, kwa hiyo umeongeza zaidi ya theluthi kwa injini ileile. Tena Dodoma mjini ni mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (turbo, ya kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kabla hujapakia mtu.

Mlimani zima O/D (overdrive, gia ya juu ya kubana mafuta) mapema, kabla spidi haijashuka, na AC zima. Gia ikihangaika kupanda na kushuka, oili yake inachemka.

Kinachotisha zaidi ni kushuka. Ukikanyaga breki mfululizo na mzigo huo, pedi zinapata moto na gari halishiki. Weka gia ya 2, injini izuie, breki kanyaga kwa vipindi.

Upepo jaza kufuata kibandiko cha mlangoni kwa dereva, tairi zikiwa baridi, si kwa jicho la fundi pancha.

Ikichoka hata ukiwa peke yako, hapo sasa angalia plagi, ea klina na pampu ya mafuta.