Umeokoka lini, au umeokolewa na nani? Jibu langu kwa mleta mada kuhusu wokovu

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba ulibatizwa ukiwa mchanga, ukapata kipaimara ukiwa kijana, na kwamba wenzako kazini hapo Posta wamekuambia, kwa upendo lakini bila kuficha, kuwa bado hujaokoka kwa sababu huwezi kutaja siku ulipookoka. Umeuliza mambo mawili: wokovu ni nini hasa katika mafundisho ya Kikristo, na je, ubatizwe tena? Nitalijibu la kwanza kwa urefu, kwa kuwa liliwahi kuninyima usingizi. Mimi ni Mlutheri, nimefundisha darasa la kipaimara katika usharika mmoja hapa Dar es Salaam kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo utaona mapema nimesimama upande gani, ingawa nitajitahidi kuwatendea haki wale tunaotofautiana nao.

Nilipokuwa na miaka ishirini nilihudhuria mkutano wa injili katika viwanja vya Jangwani, na mhubiri alipoita watu wanaotaka kumpa Yesu maisha yao, nilipita mbele, nikaongozwa sala ya toba, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha ya kweli ambayo hadi leo siikani. Usiku ule niliandika tarehe kwa kalamu nyekundu upande wa ndani wa jalada la Biblia yangu. Wiki chache baadaye nikaanguka katika dhambi ileile niliyoitubu, nikaona kwamba bila shaka sikuokoka sawasawa, nikapita mbele tena katika mkutano mwingine, nikaikata tarehe ya kwanza na kuandika ya pili. Katika muda wa miaka miwili jalada lile lilikuwa na tarehe nne, tatu zimekatwa, na hiyo ya nne nilikuwa naitazama kwa mashaka.

Aliyenitoa hapo ni mwinjilisti wa mtaa wetu, mzee ambaye kabla ya kazi ya kanisa alikuwa amefundisha Kiswahili shule ya msingi. Aliiona Biblia ikiwa wazi mapajani mwangu, akauliza, "Mwanangu, hizi tarehe ni za nini?" Nikamweleza. Hakunicheka wala hakuwasema vibaya waliohubiri kwenye ile mikutano. Aliniambia tu nifungue Waefeso 2:8 nisome kwa sauti: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani." Kisha akauliza swali la darasa la tano: "Kitenzi hicho kiko katika kauli gani?" Nikajibu kwamba ni kauli ya kutendwa. "Basi mtenda ni nani?" Nikanyamaza, kwa sababu kwa miaka miwili nilikuwa nimejihesabu mimi.

Naomba ukae kidogo na hoja hiyo ya mzee, maana lugha yetu imetupa hapa kitu ambacho wengi tunakipita. Tukisema kikombe kimevunjika, hatujasema nani amekivunja. Kauli ya kutendeka inaeleza hali ya kitu na kumwacha mtenda gizani. Tukisema kikombe kimevunjwa, msikilizaji anangoja kusikia kimevunjwa na nani. Ndivyo ilivyo kwa kuokoka na kuokolewa. Anayesema "nimeokoka" anaeleza hali yake, na si kosa, lakini akilisema neno hilo kwa miaka mingi bila kulifafanua, anaweza kufika mahali ambapo wokovu ni jambo alilolifanya yeye siku fulani, kama mtu anavyosema nimehitimu au nimehama. Anayesema "nimeokolewa" hawezi kumaliza sentensi bila kumtaja Mwokozi.

Silikatai neno kuokoka. Limo katika Biblia yetu ya Union Version: mlinzi wa gereza la Filipi anawauliza Paulo na Sila afanye nini apate kuokoka, nao wanamjibu amwamini Bwana Yesu, naye ataokoka pamoja na nyumba yake. Lakini hata hapo Kigiriki kimetumia kauli ya kutendwa. Tena neno hilo lina historia yenye heshima kwetu. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukiwa na mizizi katika urafiki wa Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari Mwingereza Joe Church, ulivuka mpaka ukaingia Bukoba na kuenea, na ndio uliotuachia jina la walokole. Josiah Kibira, askofu wa Bukoba aliyekuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kuanzia mwaka 1977 hadi 1984, alikuwa mtu wa uamsho huo. Kwa hiyo Mlutheri anayelionea haya neno kuokoka anawaonea haya wazee wake mwenyewe, na jambo hilo huniuma ninapolisikia likisemwa kwa kejeli katika vikao vyetu.

Kuokolewa na nini? Malaika anamwambia Yusufu katika Mathayo 1:21 kwamba mtoto ataitwa Yesu, maana ndiye atakayewaokoa watu wake "na dhambi zao". Wanafunzi wangu wa kipaimara huikosea "na" hiyo kila mwaka, wakidhani kwamba wataokolewa wao pamoja na dhambi zao. Ni "na" ya Kiswahili cha zamani yenye maana ya kutoka katika, kutengwa na. Dhambi hapa si orodha ya makosa pekee, bali ni utumwa, hali ya kumwacha Mungu ambayo mtu hawezi kujinasua kwayo, na mwisho wake ni mauti. Ndiyo sababu Agustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alimpinga kwa nguvu Pelagio aliyefundisha kwamba mwanadamu anaweza kutii kwa uwezo wake mwenyewe, na sinodi (mkutano wa maaskofu) ya Karthago ya mwaka 418, hapahapa barani Afrika, ikayakataa mafundisho ya Pelagio. Nilipokuwa nakata tarehe zangu kwa kalamu nyekundu nilikuwa mfuasi wa Pelagio bila kumjua.

Kuna wanaofundisha mjini hapa kwamba wokovu ni kutoka katika ufukara, madeni na magonjwa, na wanaouza maji na mafuta kwa ahadi hiyo. Kuuza neema ni jambo baya, nalisema bila kuzunguka. Hata hivyo tusiwajibu kwa kudai kwamba wokovu hauhusu mwili. Yesu anamwambia mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili kwamba imani yake imemponya, na anamwambia yule mwenye dhambi aliyemlilia miguuni nyumbani kwa Simoni kwamba imani yake imemwokoa. Katika Kigiriki ni maneno yaleyale, herufi kwa herufi. Mungu anamwokoa mtu mzima, na ufufuo wa mwili umo katika imani tunayoikiri kila Jumapili. Tofauti ni kwamba afya ya leo ni ishara ya wokovu, wala haiwi kipimo chake, na mgonjwa anayekufa katika Kristo hajakosa kitu.

Neno jingine utakalolikuta ni ukombozi, na hili nililielewa utotoni kabla sijajua kulisoma. Tulikaa Manzese. Baba alipougua, mama aliweka rehani cherehani yake kwa mkopeshaji wa mtaa wa pili, mwezi Novemba, wakati ambapo mafundi wote wanapokea kazi za sare za shule. Mkopeshaji aliandika namba 17 kwa chaki juu ya ubao wa cherehani, akaisukuma ukutani kati ya redio na baiskeli za watu. Riba ilikuwa inaongezeka kila wiki, na bila cherehani mama hakuwa na njia ya kupata fedha ya kuikomboa cherehani. Huo ndio mtego wenyewe: kitu pekee ambacho kingelipa deni kilikuwa kimeshikwa na deni. Jumamosi moja mjomba, aliyekuwa kuli bandarini, alikuja na mkokoteni, na juu yake ilikuwa cherehani. Alikuwa amelipa lote, deni na riba, bila kumwambia mtu. Mama hakusema kitu. Alichukua pindo la kanga, akafuta ile chaki, akazungusha gurudumu kwa kiganja kuona kama linakwenda, kisha akaketi.

Mfano huu una mpaka wake, na ni vema niutaje. Ukiuliza mkopeshaji ni nani, yaani Kristo alimlipa nani fidia, utaingia katika mjadala wa kale. Origeni na Gregori wa Nisa, walimu wa kanisa la karne za kwanza, walisema kwamba fidia ililipwa kwa ibilisi. Mwalimu mwingine wa kale, Gregori wa Nazianzo, aliona ni aibu hata kufikiri kwamba mwizi alipwe. Anselmi, askofu mkuu wa Canterbury huko Uingereza, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1098, alieleza kwamba ilikuwa ni haki na heshima ya Mungu iliyodai malipo, na mwanadamu peke yake hakuwa nayo, kwa hiyo ikabidi awe Mungu aliye mwanadamu. Makanisa hayajafunga mjadala huo kwa fundisho moja, nami sidhani kwamba utauhitaji ili uishi. Linalofundishwa na wote ni kwamba gharama ilikuwa halisi, ilikuwa msalaba, na hatukuilipa sisi.

Sasa nirudi kwa mama, maana hapo ndipo penye jibu la swali ulilolidokeza mwishoni, kwamba kama wokovu ni bure, kwa nini basi tujisumbue na matendo mema. Usiku ule mama alishona hadi taa ya kandili ikaishiwa mafuta. Hakushona ili cherehani irudi. Ilikuwa imekwisha kurudi. Alishona kwa sababu imerudi, na fundi aliyerudishiwa cherehani yake akaiacha ipate kutu angetufanya tujiulize kama kweli ameipokea. Ndivyo Paulo anavyoendelea katika Waefeso 2: si kwa matendo, mtu asije akajisifu, lakini tumeumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Yakobo anaposema kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake, anazungumza na watu walioifanya imani kuwa kukubali kwa akili tu, imani ambayo anasema hata mashetani wanayo. Paulo anamzuia mtu asilipie tena kilichokwisha kulipwa. Yakobo anamwamsha aliyelala juu ya zawadi.

Suala hili liliwahi kulipasua kanisa la Magharibi. Wewe unayefanya kazi Posta unayaona makanisa mawili yanayotazama bandari, Azania Front la Walutheri na Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, na umbali mfupi kati yao ulikuwa na historia nzito tangu Martin Luther, aliyeanzisha matengenezo ya kanisa, na tangu Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulipotoa tamko lake la mwaka 1547 kuhusu mtu kuhesabiwa haki. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja wakikiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu, na kwamba tunampokea Roho Mtakatifu anayetuita na kututia nguvu tutende mema. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006. Tofauti zimebaki, hasa kuhusu maana ya mtu kuwa mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, lakini kiini kimekubaliwa, na nasikitika kwamba jambo hilo halifundishwi vya kutosha katika parokia na sharika zetu.

Kuhusu siku ambayo wenzako wanakudai, Paulo anatumia nyakati zote tatu. Kwa Waefeso anasema mmeokolewa. Kwa Wakorintho anawaita waamini "sisi tunaookolewa". Kwa Warumi anasema tutaokolewa na ghadhabu. Wokovu umekwisha kutendeka msalabani na kutolewa kwako, unaendelea ndani yako kila siku ya toba, na utakamilishwa siku ya ufufuo. Wapo wanaoweza kutaja saa waliyoamini, nao wasidharauliwe. Wapo waliokua katika imani kama mtoto anavyokua akimjua mama yake, asijue siku alipoanza kumjua. Wewe waambie wenzako kwa upole kwamba siku huijui, lakini Mwokozi unamjua, na uwaulize kama wangependa kusali nawe wakati wa chakula cha mchana. Mimi nilifanya hivyo na watu wa ofisini kwangu, na hadi leo tunasali pamoja kila Jumatano.

Kuhusu kubatizwa tena, kanisa lako na langu, pamoja na Wakatoliki na Waanglikana, yanaona kwamba ubatizo wa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu haurudiwi, hata kama ulifanyika ukiwa mikononi mwa mama, kwa sababu aliyetenda pale ni Mungu. Wapentekoste, Wabaptisti na Wasabato wanafundisha kwamba ubatizo unafuata imani ya mtu mwenyewe na unafanyika kwa maji mengi. Hiyo ni tofauti ya kweli, wala sitakudanganya kwamba ni ya maneno tu. Ninachokuomba ni usiingie majini kwa sababu ya hofu kwamba wa kwanza haukushika, kama mimi nilivyokata tarehe. Mwone mchungaji wako siku ya kazi, asubuhi, kabla foleni ya wenye shida haijawa ndefu, umpelekee swali hili kama ulivyotuletea sisi, na uende na Waefeso 2 na Warumi 6 ukiwa umezisoma.