Usibonyeze "hamisha"! Kopi, hakiki, ndipo ufute

Mleta mada, toa kidole kwenye hilo neno "hamisha" kabla hujasoma mstari mwingine.

Umesema una video za GB 60 kwenye simu ya Android, simu imejaa, unataka ziende kwenye laptopu bila kulipia kitu. Na kuna mtu amekushauri uchague "hamisha" badala ya "kopi" ili simu ipate nafasi papo hapo. Ushauri huohuo nilipewa mimi, nikaufuata, na ulichonigharimu hakinunuliki.

Nilikuwa na video moja ya GB 38. Babu yangu akieleza ukoo wetu: nani kamzaa nani, nani alihama, nani waligombana hadi wakaacha kuzikana. Babu hayupo tena. Nikatazama mafunzo ya jamaa mmoja mwenye wafuasi wengi, anayeongea kama mtu ambaye hajawahi kupoteza hata picha moja. Akasema chagua hamisha, programu itatuma na kufuta yenyewe, usijisumbue. Katikati ya kazi Wi-Fi ikakatika, ikarudi, programu ikaendelea, mwishowe ikaandika "imekamilika" kwa rangi ya kijani. Kwenye laptopu nikaona jina lilelile, GB 38 kamili. Kwenye simu faili lilishaondoka. Nikabofya nicheze, nikaambiwa faili halisomeki.

Hapa ndipo wengi mnapokamatwa, kwa hiyo soma taratibu. Ukubwa unaouona kwenye folda hauthibitishi kwamba faili limefika. Zipo programu ambazo zikishaambiwa inakuja GB 38, hutenga kwanza nafasi ya GB 38 kwenye diski, halafu huijaza kadiri baiti zinavyoingia. Ni kama kiwanja kilichozungushiwa uzio: kwa nje unaona eneo lote, ndani nyumba imeishia kwenye msingi. Nililifungua lile faili kwa programu inayoonyesha baiti moja moja. Mwanzo kulikuwa na data. Kuanzia pale Wi-Fi ilipokatika, 00 00 00 00, mstari baada ya mstari, hadi mwisho.

Kwa video balaa huongezeka. Simu nyingi, zikirekodi MP4, huandika faharasa mwishoni kabisa, ukishabonyeza kusimamisha. Sehemu hiyo huitwa moov, nayo ndiyo inayokiambia kicheza video kila fremu iko wapi. Mkia ukikosekana, hata kile kilichofika salama hakichezi. Zipo programu za kuijenga upya faharasa kwa kuiga video nyingine ya simu ileile, na kwa njia hiyo niliokoa vipande vya mwanzo. Babu anasalimia, anaweka kofia sawa, anaanza kumtaja baba yake, basi. Penye sifuri hakuna fundi.

Na usidanganywe kwamba "utairudisha tu kwa programu ya kurejesha mafaili". Hilo lilikuwa na matumaini enzi za diski za kuzunguka. Simu za sasa husimba mafaili, yaani huyageuza yasisomeke bila ufunguo wa siri. Faili likifutwa, ufunguo wake nao huondoka, na hifadhi huarifiwa kwamba sehemu ile haina kazi tena, isafishwe. Ile programu haikupitisha hata kwenye pipa la taka, ilifuta moja kwa moja.

Nilimwandikia yule mwalimu chini ya video yake. Akanijibu eti nilipaswa kuwa na nakala nyingine. Yeye ndiye aliyefundisha umma kufuta nakala pekee, halafu anauliza nakala iko wapi! Wakuu, hili linaniuma hadi leo, na ile video yake bado ipo, watu wanamshukuru. Anayefundisha kufuta afundishe kwanza kuhakiki. Na aliyetengeneza programu inayofuta faili la mtu bila kulinganisha kilichofika na kilichotumwa, sina neno la adabu la kumwambia.

Kwa hiyo: KOPI. HAKIKI. Ndipo UFUTE, tena kwa mkono wako, programu isifute kwa niaba yako.

Kuhakiki maana yake ni kulinganisha heshi. Heshi ya SHA-256 husoma faili zima, baiti kwa baiti, ikatoa mlolongo wa herufi na tarakimu 64. Baiti moja ikibadilika, mlolongo unageuka mwingine kabisa. Kwenye Windows fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) ndani ya folda husika, andika:

certutil -hashfile video.mp4 SHA256

Kwenye Mac ni shasum -a 256 video.mp4, na kwenye Linux ni sha256sum video.mp4. Kwenye simu yako weka Termux, programu ya kuandikia amri kwenye Android, andika termux-setup-storage ili uipe ruhusa ya kufikia mafaili, kisha nenda kwenye folda ya video na utumie amri ileile ya Linux. Faili kubwa huchukua dakika kadhaa na skrini itakaa kimya, usidhani imeganda. Pande zote mbili zikitoa mlolongo mmoja, huhitaji tena kuamini rangi ya kijani ya mtu yeyote.

Njia ya kutumia haina ugomvi. LocalSend ni programu ya bure ya kutumiana mafaili kwa Wi-Fi, inakubali Android, iPhone, Windows, Mac na Linux, na data hupita kati ya vifaa vyako bila kwenda intaneti, kwa hiyo hailambi bando. Quick Share nayo inafaa kwa Android na Windows. Ndiyo ile iliyoitwa Nearby Share kabla ya 2024. Kama huna ruta, washa hotspoti ya simu, zima data, unganisha laptopu. Vifaa visipoonana, angalia kama uko kwenye Wi-Fi ya wageni, kwa kuwa mara nyingi huzuia vifaa kuwasiliana. Skrini ya simu iache ikiwaka hadi mwisho. Waya wa USB pia ni wa bure, na kwa mzigo kama wako mimi ningeanza nao, maana waya haupotezi mawimbi.

Na yule mchangiaji aliyekushauri utumie Bluetooth hajapiga hesabu. Kwa mwendo wake wa kawaida, kama megabiti 2 kwa sekunde, GB 60 ni zaidi ya siku mbili mchana na usiku. Na ukiamua kupitia flashi, kumbuka flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Ifomati kuwa exFAT, lakini hamisha kwanza vilivyomo... hapana, KOPI kwanza vilivyomo, maana kufomati kunafuta kila kitu.

Najua simu imejaa na inakusumbua. Usizifute video zote kwa mkupuo. Chukua moja, ikopi, linganisha heshi, ifungue kwenye laptopu uruke katikati na dakika ya mwisho, ifute kwenye simu, ndipo ushike ya pili. Nafasi itapatikana kidogo kidogo, leo hiihii. Ukikwama kwenye Termux bandika hapa maneno iliyokutolea, niko macho.